Mbuzi wa Mtoro

Huku kwetu jeshi ni kitu cha kuombewa. Naanzia hapo kwa sababu bila hapo hutamwelewa baba yangu, na usipomwelewa utamchukia, nami sitaki achukiwe na watu wasiomjua. Siku ya kuandikisha makurutu, vijana wa Masii, Mitaboni na Muthetheni huamka alfajiri, wakavaa kaptura na kwenda kukimbia bila viatu mbele ya maafisa. Hupimwa kifua, hukaguliwa nyayo, hufunguliwa kinywa kama mbuzi wa mnadani. Makanisani huwa wameshawekewa mikono tangu Jumapili. Kaka yangu alikataliwa kwa sababu ya pengo la jino moja, na nyumbani tulikaa siku nyingi kana kwamba kuna matanga.

Baba alikuwa sajenti. Amestaafu zamani, lakini hadi leo hutandika kitanda chake mwenyewe, shuka ikakazwa mpaka sarafu ingeruka juu yake, na hung'arisha viatu ambavyo haviendi popote ila shambani. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyebaki naye. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, nami humwita Nau, yaani baba. Wengine kijijini humwita Sajenti, naye huitika haraka zaidi ya akiitwa jina lake.

Kwa hiyo mwanamume niliyempenda alipotokea kuwa mtoro wa jeshi, nilijua nimejitafutia.

Sitaitaja nchi yake. Mama yake bado anaishi huko. Nitasema tu kwamba kwao kila kijana, wa kiume na wa kike, huingizwa jeshini akimaliza shule. Sheria yao inasema ni kwa muda mfupi, lakini muda huo hauishi. Yeye alisomea uhandisi wa maji, akamaliza chuo, wakamvisha sare na kumpeleka kujenga mabwawa kwa posho ya kununulia sabuni. Cheti chake kilibaki mikononi mwa serikali. Angekabidhiwa siku atakapoachiliwa. Ndugu yake mkubwa alikuwa ameingia miaka mingi kabla yake, na mvi zilikuwa zimemwota humo humo ndani ya sare. Yeye alipomtazama ndugu yake vizuri, akavuka mpaka kwa miguu.

Hapa Kenya alifika akiwa na kila kitu kichwani na hana chochote mkononi. Kampuni moja ya ujenzi kule Syokimau ilimwita, ikamkalisha mbele ya ramani, ikampenda. Wakamwambia alete cheti wamtafutie kibali cha kazi. Akaeleza cheti kiko wapi. Wakasikitika kwelikweli, wakampa chai, wakamwita mwingine. Bodi inayosajili wahandisi nayo ilitaka cheti kilekile, na siwalaumu; hata mimi singetaka daraja langu lijengwe na mtu anayesema tu kwamba amesoma. Mwishowe shirika moja dogo linalojenga mabwawa ya mchanga likamchukua kama kibarua. Alichora michoro yote, halafu mhandisi kijana wa shirika akatia sahihi, na katika karatasi za malipo yeye akaandikwa mchanganya zege.

Nilikutana naye dukani kwangu. Nauza mbegu na dawa za mifugo pale Masii, na kazi yangu ya kila siku ni kuwauliza wanaume wazima ng'ombe wao anaharisha rangi gani, kwa hiyo aibu ya kuongea na mtu sina. Aliingia kutafuta gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko gambuti zote nilizokuwa nazo. Nilimwambia arudi siku ya soko, akarudi, nikamwambia arudi tena, akarudi tena. Gambuti zenyewe sikuwa nimeagiza. Aligundua mapema, akaendelea kurudi.

Lakini siku niliyomjua hasa ni siku ya kwanza ya bwawa. Mto wetu, upande wa Muthetheni, ni mto wa mvua tu. Miezi mingine ni njia ya mchanga ambayo mbuzi hupita. Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege unaoukatiza mto huo. Mafuriko huja na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamejificha ndani yake mpaka kiangazi. Shirika lilileta simiti, na kazi ya mikono ilikuwa ya mwethya, yaani kikundi chetu cha kusaidiana, ambacho kililima mashamba ya bibi zetu kabla sijazaliwa. Nilifunga duka nikaenda na jembe langu.

Tulikusanyika ukingoni. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya kilima, akafungua daftari akaanza kuita majina. Mmoja baada ya mwingine tukajibu, "Niko!" Asiyejibu aliandikwa. Kisha akatugawa, wa mawe huku, wa mchanga kule, wa maji kule juu.

Nikamtafuta kwa macho yule mtu wangu wa gambuti nisimwone. Nikamkuta nyuma ya lori la simiti, amesimama wima, futi yake ya kupimia imeanguka chini na yeye haioni. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Uko mgonjwa?" nikamwuliza.

"Hawa ambao hawakujibu," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mtawapeleka wapi?"

"Tutawapeleka wapi aje?"

"Yule mama ameandika jina. Sasa nani anaenda kuwachukua?"

"Hakuna mtu wa kuwachukua. Watatoa faini."

"Faini gani?"

"Sukari. Ya chai ya wengine."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akachuchumaa, akajishikilia kwenye gurudumu la lori, na nilipochuchumaa karibu naye nikaona kwamba hakuwa anacheka tena. Nilimwekea mkono begani mbele ya kikundi kizima. Wanawake wa mwethya walianza kuimba kwa sauti kubwa zaidi, na sijui kama walikuwa wanatustahi au wanatusengenya. Nadhani vyote viwili.

Baada ya hapo sikuwa na la kuficha. Baba aliambiwa na watu kabla sijamwambia, kama kawaida ya kijiji chetu. Alinisubiri nifunge banda la kuku, akaniuliza swali moja tu.

"Mwaitu, ni kweli huyo kijana alitoroka jeshi?"

"Nau, jeshi la kwao si kama lenu. Halina mwisho."

"Jeshi ni jeshi. Mimi nilikuwa na kilio nyumbani nikiwa mpakani na sikutoroka. Nikaomba ruhusa, nikangoja." Akainuka. "Mtoro hawezi kuketi kwa meza yangu."

Nilikasirika, nikamjibu vibaya, nikamwambia meza yenyewe niliinunua mimi. Hakunijibu. Kwa baba, kutojibu ni kufunga lango.

Aliyelifungua ni mto. Baba alikuwa mwanachama wa mwethya kama sisi, na hakuwahi kuitwa jina akakosa. Akawa anabeba mawe huku amemgeuzia mgongo yule mhandisi, siku nenda siku rudi, akipokea maagizo yake kupitia kwa watu wengine kama wake wenza walionuniana. Kisha mvua za Novemba zikaja kabla hatujamaliza ubawa mmoja wa ukuta. Maji yalishuka asubuhi, mekundu, yakivuta vichaka. Sisi wote tulipanda ukingoni. Mhandisi akabaki chini na magunia ya mchanga, anaziba pale ubawani, maji yakimpiga kiunoni, akiita mtu wa kumpokeza gunia. Na mtu aliyeshuka alikuwa baba, na mvi zake, na viatu vyake vilivyong'arishwa. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka maji yakapungua. Ukuta ulisimama.

Jioni ile baba alimaliza kula, akafuta mdomo, akasema, "Yule hakutoroka kazi. Alitoroka kitu kingine." Halafu akasema niweke sahani ya tatu kesho yake.

Kwetu Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike. Unaweza kufunga ndoa kanisani na ukapigwa picha, lakini bila wale mbuzi watatu, siku ukifa wazee watauliza anayekuzika ni nani. Na mbuzi hawaletwi na bwana harusi peke yake kama anayeuza. Huletwa na watu wake. Hapo ndipo tulikwama, kwa sababu watu wake hawangeweza kutoka kwao. Ndugu yake alikuwa kwenye sare, baba yake alishakufa, mama yake hakuwa na ruhusa ya kusafiri.

Aliyetuokoa ni mzee anayeuza simiti pale Masii, mtu aliyehamia kutoka upande wa Murang'a zamani sana. "Huyu amechukua simiti kwangu mifuko yote ya lile bwawa," akasema. "Kama si mtoto wangu ni nani?" Akaja amevaa suti, na mke wake amevaa kitambaa kipya, na mbuzi watatu wakipiga kelele nyuma ya pikapu. Baba aliwapokea langoni na uso mkavu.

"Na wewe mzee, ulizaa lini kijana mrefu hivi?"

"Alikuwa kwa mama yake," mzee wa simiti akajibu. Watu wakavunjika mbavu.

Kisha yakaja maswali, kama desturi. Wazee hawakabidhi binti bila kujua anakokwenda. Waliuliza ukoo wake. Waliuliza baba yake alizikwa wapi. Waliuliza mama anaishi kijiji gani, karibu na mto gani, na jina la babu mzaa mama. Yeye aliyajibu yote, polepole, akifurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza habari za kwao kwa nia njema tangu aondoke. Alitaja hata rangi ya mlango wa mama yake. Baba alisikiliza kwa makini kuliko wote, na baba hasahau kitu. Ukimwambia jambo leo, mwaka ujao atakurudishia likiwa zima.

Mbuzi walipokelewa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mke wa mtu, na nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kusahau kurudisha chenji za wateja.

Padri ndiye aliyetaka karatasi. Kabla ya kutufungisha ndoa alihitaji uthibitisho kutoka kwao kwamba hana mke mwingine. Uthibitisho huo hutolewa na ubalozi wa kwao, na ubalozini angeambiwa kwanza atie sahihi kwamba alitenda kosa kuondoka na kwamba yuko tayari kwa adhabu itakayoamuliwa. Alituelezea hayo mezani. Tulikubaliana tungoje. Nilidhani tumekubaliana.

Wiki iliyofuata baba alisema anakwenda mjini Machakos kwa mambo ya pensheni. Alivaa koti lake la sherehe, lile lenye medali. Nilimtania kwamba pensheni sasa inachumbiwa. Akacheka.

Alirudi jioni amechangamka, akanawa mikono, akaketi. Nilikuwa nimepika isyo, mahindi na maharagwe, na mume wangu alikuwa ameshaanza kula. Baba akamgusa bega.

"Kijana wangu, leo nimefika Nairobi. Nimeenda kwa ubalozi wenu."

Kijiko kikasimama.

"Nimewaambia mimi ni mwanajeshi, wananiona. Nimewaambia kijana wenu ni mtu wa maana, amejengea watu bwawa, anataka kuoa. Sasa mumpatie ruhusa yake ya kuachiliwa na cheti chake, kama vile jeshi lolote linafanya kwa mtu wake. Nimeongea na mkubwa mmoja, mtu wa heshima sana. Amenipatia chai. Ameandika kila kitu."

"Umemwambia nini, Nau?" nikauliza.

"Yote. Jina lake, la baba yake, kijiji, mama. Usipoeleza vizuri watamtafutaje kwa faili?" Alikuwa anatabasamu. "Wamesema watashughulikia."

Mume wangu aliweka kijiko chini taratibu, kando ya sahani, akakinyoosha.

"Asante, Mzee," akasema.

Ni hilo tu alilosema. Baba aliongeza chumvi, akala kwa hamu, akatusimulia jinsi mlinzi wa langoni alivyompigia saluti. Ningependa kusema kwamba nilimfokea baba, lakini sikuthubutu kuangalia upande wake.

Simu ilikuja kutoka kwa binamu yake aliyeko nchi nyingine. Wanajeshi walikuwa wamefika kwenye ule mlango ambao sote tuliujua rangi yake. Wakaupiga kufuli. Mama yake alichukuliwa na blanketi na dawa zake za sukari, akaambiwa atatoka mwanawe akijisalimisha.

Tulikuwa bwawani alipopokea simu hiyo. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na wanawake walikuwa wakifukua mchanga na kuteka maji, safi kabisa, mahali ambapo miaka yote tulikuwa tukiteka vumbi. Aliniambia hapo hapo kwamba atakwenda.

Nilipiga kelele. Nilimwambia watamuua. Nilimwambia watamfunga kisha wasimwachilie mama pia, kwamba mtu mwenye akili hapeleki shingo yake kwa miguu yake mwenyewe. Nilimtukana, na aliniacha nimalize.

"Mama yangu ni mmoja," akasema.

"Na mimi je? Niko wangapi?"

Akatazama wale wanawake na mitungi yao.

"Wewe uko na baba," akasema. "Uko na duka. Uko na maji. Yeye ako na mimi peke yangu."

Baba aliambiwa jioni hiyo. Asubuhi yake alivaa tena koti la medali akarudi Nairobi. Safari hii hawakumfungulia. Alisimama langoni mchana kutwa, akimwambia mlinzi kwamba amekuja kujitoa yeye, kwamba ana afya, kwamba anaweza kufundisha makurutu, wamchukue yeye na wamwache kijana na mama. Alinisimulia hayo baadaye sana, bila kunitazama. Mlinzi wa siku hiyo alikuwa mwingine, na hakupiga saluti.

Alasiri kabla ya safari, mume wangu alikuwa akikunja nguo zake chache. Baba aliingia, akachukua viatu vyake bila kuomba, akatoka navyo barazani. Akakaa kwenye kigoda na kibati cha rangi na kile kitambaa chake cha zamani. Akavisugua. Akavitemea mate, akavisugua tena, kwa vile viduara vidogo walivyofundishwa jeshini, mpaka jua la magharibi likaonekana kwenye ncha. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza alipiga goti moja, akamvisha, akamfunga kamba. Mume wangu alimwacha afanye. Kisha akamwinua, wakashikana kwa nguvu, yule mrefu na yule mfupi, na baba yangu akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo, hata tulipomzika mama.

Mama mkwe wangu aliachiliwa. Binamu alituambia, na akatuambia pia kwamba yule ndugu mkubwa mwenye mvi aliruhusiwa kumwona mdogo wake kwa dakika chache. Baadaye habari moja tu ilifika: kwamba mume wangu amevishwa sare, na yuko mahali fulani kwenye milima, anajenga bwawa. Mkataba wake hauna tarehe ya mwisho. Kampuni ya Syokimau ilinipigia mwaka uliopita kuuliza kama amepata cheti, kwa kuwa sasa wana mradi wa maji na wanamtaka. Niliwaambia bado.

Ninawanywesha mbuzi wa ntheo maji ya bwawa lake. Wamezaa, na watoto wao wamezaa. Wanunuzi wa mnadani hupita langoni wakiwatazama, na baba huwafukuza kabla hawajafungua mdomo. Mara kwa mara shangazi zangu huniletea habari ya mwanamume fulani mjane mwenye gari, na ninawauliza ng'ombe wao wanaendeleaje.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni baba. Watu humsimamisha sokoni, wale ambao hawajui, na wale wanaojua na kusahau. Humwuliza, "Sajenti, yule mkwe wako mrefu ako wapi siku hizi?" Naye husimama wima, miguu pamoja, akajibu kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Ako jeshini."

Juzi mama mmoja kutoka Mitaboni alikuja dukani kununua mbegu za mahindi. Alikuwa ametoka kumsikia baba sokoni. Mwanawe amejaribu kuandikishwa mara nyingi na kila mara anarudishwa. Alinishika mkono juu ya kaunta, akaufinya, macho yake yamejaa furaha ya kweli.

"Hongera mwaitu," akaniambia. "Umebahatika sana. Mume akiwa jeshi, huyo amefika."

Nikamwambia asante. Nikampimia mbegu zake, nikamfungia.